Nusu ya keki inapobaki kwenye karatasi

Swali: Shikamoo mwalimu. Keki zangu za vikombe zinaumuka vizuri na ladha yake hakuna anayeilalamikia, lakini ukibandua karatasi, nusu ya keki inabaki humo. Tangu daktari amwambie mama apunguze mafuta, nimekuwa nikitoa nusu ya siagi na kuweka mtindi, na kwenye mayai natumia ute zaidi kuliko viini. Zikishaiva naziacha ndani ya trei mpaka zipoe ili zisivunjike. Nimebadilisha aina ya karatasi mara mbili, nimejaribu pia kuzipaka mafuta, nafuu ni kidogo sana. Juzi nilioka 36 za mahafali ya mdogo wangu, wageni wakawa wanakwangua karatasi kwa vijiko. Tatizo ni karatasi au ni mimi? Na zilizobaki zimo kwenye friji, nizifanyeje?

Marahaba, binti. Pole kwa mahafali. Najua inavyouma kumwona mgeni akikwangua kwa kijiko kitu ulichokesha ukikitengeneza.

Tatizo si karatasi peke yake, na si mkono wako pia. Umenitajia mambo manne: siagi iliyopunguzwa, ute uliozidi viini, keki kupozwa ndani ya trei, na karatasi. Matatu ya mwanzo yote yanavuta upande mmoja, upande wa kunata. Ndiyo maana ulipobadilisha karatasi hukuona tofauti kubwa. Ulirekebisha moja ukaacha matatu.

Nianze na gundi, kwa sababu ukishaelewa gundi mengine utayaona mwenyewe hata nisipokuwepo. Je, umewahi kupika uji wa unga wa ngano wa kubandikia karatasi, ule wa kazi za mikono za watoto shuleni? Vitu vyake ni vitatu tu: unga, maji na moto. Chembe za wanga zinakunywa maji, zinavimba, zinapasuka, na ule uji ukikauka juu ya karatasi hautoki tena. Sasa tazama kikombe chako cha keki. Ndani yake kuna unga, kuna maji (ya maziwa, ya mtindi, ya mayai), na kimeingia kwenye moto kikiwa kimegusana na karatasi. Vifaa vyote vya kupikia gundi vimekutana hapo. La kushangaza ni kwamba kuna keki zinazoachia.

Inakwenda hivi. Mchanganyiko unapomiminwa bado ni majimaji, na karatasi ya kawaida ni nyuzi zilizolaliana zenye nafasi kati yake. Maji yanapenya humo yakibeba sukari, protini za mayai na wanga. Joto linapanda. Ute wa yai unaanza kushika kwenye nyuzi joto kama 62 za Selsiasi. Wanga wa ngano kwenye maji matupu huanza kuvimba karibu na hapohapo, ila sukari ya keki huuchelewesha mpaka kupita 80. Mwishowe vyote vinashika, maji yanapungua, na kile kilichopenya kati ya nyuzi kinagandia humohumo. Kwa hiyo keki yako haikuketi tu juu ya karatasi kama tope juu ya kiatu. Imeingiza vijimizizi.

Unapovuta karatasi, lazima kitu kikatike, na kitakatika mahali palipo dhaifu kuliko pengine. Kama gundi ni dhaifu kuliko keki, karatasi inatoka safi. Kama keki ni dhaifu kuliko gundi, keki inachanika na kubaki kwenye karatasi. Basi kazi zako ni mbili: kuidhoofisha gundi, na kuipa keki nguvu kabla hujaivuta. Mafuta hufanya ile ya kwanza. Kuiva sawasawa na kupoa sawasawa hufanya ya pili.

Ipo keki inayoitwa keki ya malaika, inayopigwa kwa ute wa mayai mtupu bila tone la mafuta. Waokaji wake hawapaki chombo mafuta, kwa makusudi kabisa, kwa sababu wanataka povu la ute lishike kuta na kupanda nazo. Ikiiva, chombo kinapinduliwa juu chini mpaka keki ipoe, na haidondoki, kwa sababu imeng'ang'ania. Kuitoa ni mpaka upitishe kisu pembeni. Uliponiandikia kwamba umepunguza siagi na kuongeza ute, nikaikumbuka hiyo. Bila kujua umeisogeza keki yako ya kawaida kuelekea keki ambayo imetengenezwa ili inate.

Kabla sijaingia kwenye vipimo, nakuomba ufanye jambo moja utakapooka tena: usiitupe karatasi iliyobanduliwa. Iangalie. Mimi nikitaka kujua tatizo la mwanafunzi siiangalii keki, naiangalia karatasi.

Ukikuta utando mwembamba wa rangi ya kahawia umeenea kila mahali, kama ngozi tu, na keki chini yake ni nzuri, hapo kuna upungufu wa mafuta au karatasi inayokunywa. Ukikuta tabaka nene, lenye unyevu, linalong'aa kidogo na kunata vidoleni, keki haikuiva vya kutosha au imebanduliwa ingali moto. Ikiwa pembeni panatoka safi na kitako ndicho kimenasa, mara nyingi ni mvuke uliokwama chini ya keki ndani ya trei, au vipande vya matunda vilivyozama. Ikiwa kitako ni kizuri na pembeni pamechanika kufuata mikunjo ya karatasi, fikiria kwanza joto la oveni. Na ukiona vikombe vichache tu vimenasa na jirani zake wametoka vizuri, tena ni walewale wa kona moja ya trei, oveni yako ina upande wa moto na upande wa baridi. Hapo usiguse vipimo vyako, geuza trei nusu mzunguko muda wa kuoka ukishapita theluthi mbili.

Kwa maelezo yako wewe, nusu nzima ya keki kubaki ndani, nadhani yako ni mchanganyiko wa lile la kwanza na lile la tatu, la mvuke. Mafuta hayatoshi, na unyevu umerudi kwenye karatasi wakati wa kupoa.

Tuje kwenye mafuta. Hukuniandikia vipimo vyako, kwa hiyo nachukua vya kawaida vya keki 12: unga gramu 180, siagi gramu 115, mayai 2. Siagi si mafuta matupu. Kwenye kila gramu 100, mafuta ni kama 80 na kinachobaki karibu chote ni maji. Kwa hiyo gramu 115 za siagi zinakupa mafuta kama gramu 92. Ukitoa nusu, umebaki na 46. Ukitoa na kiini cha yai, umepoteza gramu 5 hivi nyingine pamoja na lesithini, ambayo ndiyo inayoyashikanisha maji na mafuta yasitengane. Na mahali pa siagi umeweka mtindi, ambao sehemu yake kubwa ni maji. Umepunguza kinachozuia gundi ukaongeza kinachoitengeneza, vyote kwa mkupuo mmoja. Majarini laini za kupaka mkate zina shida hiyohiyo. Baadhi yake zina mafuta gramu 40 tu kwenye kila 100, maji ndiyo mengi. Soma maandishi ya mkebe kabla hujaokea.

Kwa upande wa mama, mimi si daktari, na neno la daktari wake ndilo la kufuata. Lakini muulizeni swali moja: anayokatazwa ni mafuta yote, au zaidi ni yale yanayoganda kama ya siagi? Kama ni haya ya pili, mlango uko wazi. Siagi, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta ya aina hiyo. Mafuta ya alizeti, ni kama sehemu moja tu kwa tisa. Ukioka kwa mafuta ya maji badala ya siagi, unaweza kurudisha kiasi chote cha mafuta ambacho keki inahitaji ili iachie karatasi, na yale yanayoganda yakapungua kwa kiwango kikubwa sana.

Jaribu hivi kwa keki 12. Unga wa ngano gramu 180, sukari gramu 160, beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi kidogo. Mafuta ya alizeti mililita 90, ambayo ni kama gramu 83. Mayai mawili mazima, viini vyake ndani. Mtindi gramu 120, kwa hiyo mtindi wako haujaondoka, na maziwa mililita 60. Ukijumlisha mafuta na viini umefika gramu 92 au 93, karibu na ile keki ya siagi nzima, ambayo kwa siagi na viini vyake ilikuwa na kama 102. Piga mayai, sukari na mafuta mpaka yawe kitu kimoja kizito na cheupecheupe, tia mtindi na maziwa, kisha unga uliochekechwa, uchanganye mpaka usione unga mkavu, uishie hapo.

Na kuna jambo watu wengi hulisahau wanapomhurumia mgonjwa: siagi nyingi haiko ndani ya keki, iko juu yake. Krimu ya siagi ya kupambia keki 12 inaweza kula siagi kuzidi ile iliyomo kwenye keki zote. Kama unataka kumpunguzia mama, mpe keki isiyo na krimu, au yenye tunda juu yake. Utakuwa umeondoa zaidi ya ulivyokuwa ukiondoa, na karatasi haitahusika.

Kabla sijaacha bakuli, angalia mchanganyiko ukitengana. Umewahi kuuona umekatika, kama maziwa yaliyoganda, vibonge huku na maji huku? Hutokea mayai au maziwa ya baridi ya friji yanapokutana na siagi laini, au mayai yanapotiwa yote kwa pamoja. Watu huambiwa unga ukiingia utarekebisha, na kwa macho hurekebisha. Lakini yale maji yaliyojitenga hayakushikwa na mafuta tena, yako huru, na ya kwanza kupenya kwenye karatasi ni hayo. Toa vitu vya friji saa nzima kabla, tia yai mojamoja, na kama vimeanza kukatika tia kijiko kimoja cha ule unga uliopima, upige tena, ndipo uendelee.

Matunda na asali nitayapitia haraka. Ndizi mbivu, asali na matofaa yaliyopondwa hushika maji na kunata kwa asili yake, kwa hiyo keki zake zinahitaji karatasi bora kuliko keki ya vanila. Vipande vya matunda vipanguse maji, vipake unga kidogo, na tia kijiko cha mchanganyiko mtupu kikombeni kabla ya ule wenye matunda ili tunda lisilale juu ya karatasi.

Sasa karatasi. Neno linalowapotosha watu ni lile la karatasi isiyopitisha mafuta. Wanasoma hivyo wanadhani maana yake ni karatasi isiyonata. Si kitu kimoja. Karatasi isiyopitisha mafuta hutengenezwa kwa nyuzi zilizosagwa na kubanwa sana, nafasi kati yake zikawa finyu. Inafaa, kwa sababu mchanganyiko haupati pa kupenya kwa wingi na rangi za nje hazifubai. Lakini uso wake bado ni karatasi. Kwa keki yenye mafuta ya kutosha inatosha kabisa. Kwa keki yenye mafuta haba itanata, japo kidogo. Isiyonata kweli ni ile iliyopakwa silikoni, kama karatasi nyeupe au ya kahawia ya kuokea inayotandikwa kwenye trei za biskuti. Silikoni haishikani na maji wala gundi ya wanga, na hapo hata keki ya ute mwingi itatoka.

Kwa hiyo kama ni lazima mafuta ya mama yawe machache hata baada ya kuongea na daktari, usihangaike na vikombe vya rangi. Chukua karatasi ya kuokea yenye silikoni, kata miraba ya sentimita 12 au 13 kila upande, weka mraba juu ya shimo la trei, sukuma katikati kwa kitako cha glasi inayoingia shimoni, kisha kunja pembe zisimame kama petali. Inachukua dakika chache kwa trei nzima, na mimi huvipenda hivi kuliko vya kununua hata kwa sura. Vikombe vya silikoni vya kuosha navyo vinafaa, ila subiri keki zipoe kabisa kabla ya kuvibinua. Vya foili vinaachia vizuri kuliko karatasi nyembamba, lakini angalia: mara nyingi ndani ya kila foili pamechomekwa kikaratasi cha kutenganishia, na mtu huoka navyo vyote viwili bila kujua. Kitoe. Karatasi ya nta iache kabisa, maana nta yake huyeyuka mapema sana, na sehemu isiyofunikwa na keki inaweza kutoa moshi ndani ya oveni.

Ukitaka kujua ubora wa karatasi kabla hujaitumia, kiweke kikombe kimoja juu ya tishu kavu, tia kijiko cha chai cha maji ndani yake, cha pili tia mafuta, usubiri dakika 10. Tishu ikilowa, umejua. Na kipimo kinachoshinda vyote: oka trei moja kwa mchanganyiko mmoja, nusu kwa karatasi hii na nusu kwa ile. Niliwahi kuwafanyia hivyo wanafunzi waliokuwa wakibishana kuhusu chapa za karatasi. Tulitumia aina nne kwa mchanganyiko wenye siagi ya kutosha, na zote nne zikaachia, ile nyembamba kuliko zote ikabakiza utando tu. Tukarudia kwa mchanganyiko usio na mafuta. Ya silikoni peke yake ndiyo iliyotoka nzima.

Ulisema ulipaka mafuta na hukuona nafuu. Nadhani ulipaka mapema, au ulipaka siagi. Karatasi inayokunywa maji hunywa na mafuta. Ukiipaka halafu ukaenda kupima unga, ukirudi mafuta yameshaingia ndani na uso umebaki mkavu. Siagi iliyoyeyushwa nayo ina maji yake, na unaipa karatasi kilekile unachokikimbia. Paka mafuta ya maji, kwa brashi au kwa kupuliza, tabaka jembamba la kung'arisha tu, muda uleule unapotaka kumimina. Usizidishe, kwa sababu mafuta mengi huikaanga karatasi, ikawa na madoa na kuanza kujibandua yenyewe. Huko kujibandua ni ugonjwa mwingine, watu wanaulilia kama wewe unavyolilia kunata: keki imepoa, na karatasi imejifungua pembeni kama ua. Husababishwa mara nyingi na unyevu mwingi au mafuta kupita kiasi. Nakutajia ili usije ukakimbia huku ukaangukia kule.

Oveni iwe imeshapata moto kabla hujamimina mchanganyiko kwenye vikombe. Kila dakika ambayo mchanganyiko mbichi unakaa kwenye karatasi ni dakika ya kupenya. Kama una trei moja na mchanganyiko wa trei tatu, kama nadhani ulivyofanya kwa zile 36, usijaze vikombe vyote ukavipanga mezani vikisubiri zamu. Mchanganyiko usubiri bakulini. Oveni yenye moto mdogo inafanya kosa hilohilo polepole, kwa sababu keki inachukua muda mrefu kushika na maji yanaendelea kunywewa. Nyuzi joto 175 hadi 180 zinafaa kwa keki za ukubwa huu, kwa dakika 18 hadi 22. Jaza theluthi mbili za kikombe. Kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ya oveni kitakuonyesha kama namba ya kwenye kitufe ni ya kweli, na mara nyingi si ya kweli.

Kuhusu kuiva, kijiti kutoka kikavu ni dalili, lakini kwa keki ya mtindi kinaweza kutoka kikavu katikati wakati kitako bado ni kibichikibichi. Bonyeza juu kwa kidole: inyanyuke ifute alama. Kama una kipimajoto cha chakula, katikati ya keki pawe na nyuzi joto 97 au 98. Naona wengi hutoa keki mapema kwa kuogopa zisikauke. Keki iliyotolewa dakika mbili mapema ndiyo inayochanika kuliko zote, kwa sababu wanga wake haujamaliza kushika, na ukivuta karatasi unavuta uji.

Na sasa lile la trei, ambalo nahisi lilikuumiza siku ya mahafali kuliko mengine. Nia yako ilikuwa nzuri. Keki ya moto huvunjika, ni kweli, na dakika 5 za kwanza iache ilipo. Lakini keki iliyotoka motoni inaendelea kutoa mvuke kwa muda mrefu, na shimo la trei ni chuma kisichopitisha hewa. Mvuke unashuka, unakuta chuma kinachopoa, unageuka maji, na maji hayo yanalowesha karatasi kutoka nje wakati keki inailowesha kutoka ndani. Kitako kilichokuwa kimekauka vizuri kinarudi kuwa kibichi, na gundi inalainika kisha inakauka upya. Ukiacha saa nzima, umefuta kazi ya oveni.

Kwa hiyo dakika 5, si zaidi ya 10, halafu ziinue mojamoja uzipange kwenye wavu wa waya wenye nafasi chini. Kama huna wavu, kile cha waya cha ndani ya oveni, kilichopoa, kikiegeshwa juu ya mabakuli mawili kinatosha. Ziache ziachane kidogo ili hewa ipite. Usizifunike kwa kitambaa, usizitie kwenye mkebe wenye mfuniko zikiwa na uvuguvugu, usizipake krimu. Saa moja. Ukigusa kitako na hupati joto lolote mkononi, zimepoa.

Hiyo saa moja si ya kungoja tu. Wakati keki inapoa, wanga uliovimba unajipanga upya na kukaza, na mwili wa keki unapata nguvu ambayo haukuwa nayo ilipotoka. Keki ileile ukiibandua ikiwa moto inachanika, ukiibandua baada ya saa moja inatoka nzima. Watoto wakikusumbua waonje mapema, wape moja, waichane wapendavyo, na hiyo usiihesabu.

Namna ya kubandua pia ina neno lake. Usivute karatasi kutoka kwenye keki kwa mkono mmoja kama unayevua soksi. Shika ukingo, ukunje nje na kuushusha chini, karibu na mwili wa keki, ukizunguka pole pole kufuata mikunjo. Ukivuta kwa pembe kali namna hiyo, nguvu inakatia mstari mwembamba mmoja kwa wakati. Ukivuta moja kwa moja nje, unabomoa upande mzima.

Nimebakiza zile zilizomo kwenye friji. Kwa keki za siagi nyingi ningekwambia uziweke kwenye friza dakika 15 hadi 20 na kuzibandua zikiwa baridi kabisa, kwa sababu siagi ikiganda keki inakuwa imara. Zako zina siagi kidogo, kwa hiyo njia hiyo itakusaidia nusunusu. Tumia ile ya wanaooka keki nyembamba ya kuviringisha: karatasi ikiwaganda, hupitisha brashi yenye maji mgongoni mwake, wakasubiri kidogo, ikatoka. Gundi ya wanga hulainishwa na kilekile kilichoitengeneza. Chukua kitambaa safi, kiloweshe kwa maji ya uvuguvugu, kikamue mpaka kisidondoke, kizungushie karatasi ya keki moja kwa dakika moja au mbili mpaka karatasi ilegee, kisha bandua kwa kushusha chini, kipande kwa kipande. Jaribu moja kwanza kabla ya kuzilowesha zote, na zile ulizobandua zile leo, kwa sababu pembeni patakuwa na unyevu.

Zitakazochanika hata hivyo, usizitupe. Kata kila moja kwa upana, chota kwa kijiko ile iliyo safi katikati ya karatasi, uipange kwenye glasi kwa tabaka, keki, mtindi, matunda yaliyokatwakatwa, keki tena, kisha irudi kwenye friji kwa saa mbili. Friji huwa imeikausha keki, na mtindi utailainisha. Ya mama usiiwekee krimu.